Appaloosa asiye na madoa, anayejigonga usiku

SWALI: Nafanya kazi kwenye banda la farasi Idaho, Marekani. Bosi amenunua farasi jike mweupe karibu mwili mzima, ana weusi kidogo tu masikioni na magotini, akaambiwa ni wa uzao wa Appaloosa. Nijuavyo mimi, Appaloosa ana madoadoa. Isitoshe, giza likiingia hujigonga na kugoma kupita mlangoni. Tumeuziwa mgonjwa?

JIBU: Huenda bosi hakudanganywa, na yote mawili yakawa na chanzo kimoja, yaani jeni ya LP (leopard complex), inayoleta weupe na madoa ya Appaloosa. Farasi mwenye nakala moja ya LP, akiwa pia na jeni ya PATN1 inayotandaza weupe, huwa mweupe mwenye madoa kama chui. Akirithi LP kwa baba na kwa mama, madoa hutoweka karibu yote, rangi ikasalia masikioni na kwenye maungio ya miguu.

Kwa hiyo usitafute madoa. Tazama midomo, puani na chini ya mkia: ngozi ya waridi yenye mabaka meusi. Weupe wa jicho uonekane hata akiwa ametulia. Kwato zenye mistari ya wima ni alama pia, ila usihesabu za mguu wenye soksi nyeupe (manyoya meupe juu ya kwato), kwani hizo hupatikana kwa farasi wa uzao wowote. Wenye nakala mbili mara nyingi kwato zao ni nyeupe tu.

Alama hizo zinaonyesha LP, hazithibitishi uzao. Farasi wa uzao wa Knabstrupper wa Denmark wanayo hiyohiyo. Mwombeni muuzaji cheti cha Appaloosa Horse Club, chama kilichoanzishwa 1938, chenye makao mjini Moscow, hukohuko Idaho. Asili ya farasi hawa ni kwa Wanez Perce, wenyeji wa asili wa Amerika wa eneo la mto Palouse, wafugaji hodari waliokuwa wakihasi madume hafifu ili mbegu ibaki bora. Baada ya vita vyao na jeshi la Marekani mwaka 1877 walinyang'anywa farasi wengi, na waliosalia wakachanganywa ovyo. Hata leo chama kinaruhusu kuchanganya na farasi wa Kiarabu, Thoroughbred na Quarter Horse.

Kuhusu giza: nakala mbili za LP huzuia retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kupeleka taarifa za mwanga hafifu. Anazaliwa hivyo, hali haizidi, haina dawa, na mchana anaona vizuri. Mwingizeni kabla ya magharibi, acheni taa bandani, ondoeni seng'enge uwanjani, na mwite kabla ya kumgusa. Kipimo cha jeni hufanywa kwa nywele za singa zilizong'olewa na mizizi. Za kukatwa kwa mkasi hazifai.

Ila akianza kufumba jicho, kutoa machozi, au jicho likiwa na ukungu, hilo ni jambo jingine. Appaloosa hushambuliwa sana na uvimbe wa ndani ya jicho unaorudiarudia, nao hupofusha, wakati mwingine bila maumivu ya wazi. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Msimpake dawa ya steroidi iliyobaki kabatini: kama konea (utando angavu wa mbele ya jicho) ina kidonda, itakiharibu zaidi.

Mkitaka kumzalisha, mpandisheni na dume asiye na LP kabisa. Watoto wote watakuwa na nakala moja, na usiku wataona.