Kozi ni bure, bando si bure

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita na mnasubiri majibu, lile swali lenu la barazani, kama mtu anaweza kusoma vyuo vya nje bila ada akiwa nyumbani, jibu lake ni ndiyo. Masomo ya vyuo vikuu vya nje yapo bure. Kitakachowala ni bando.

Mimi nilianza kwa pupa. Wiki moja nilichukua kozi sita, nikafungua video za utangulizi za zote. Bando la wiki nililonunua Jumatatu, Jumatano halipo, na nilichoambulia ni majina ya walimu. Huku Ngamiani, Tanga, natamba kwamba nasoma Marekani! Waja leo waondoka leo, ndiyo mimi kwenye kila kozi.

Nikabaki na moja: aljebra ya mwalimu Gilbert Strang wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Chuo hicho kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake wazi, na sasa yamepita 2,500. Hujiandikishi popote. Cheti hakuna, wa kukusahihishia hakuna. Video zake ni za 1999, mzee na chaki yake ubaoni. Mhadhara wa kwanza anaandika 2x − y = 0, chini yake −x + 2y = 3. Nikacheka. Hii si ya kidato cha pili? x ni 1, y ni 2, tumemaliza. Kumbe yeye hatafuti jibu. Anataka uzitazame namba kwa safu wima: 2 na −1 za x ni mshale mmoja, −1 na 2 za y mshale wa pili. Chukua wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, unafika 0 na 3, zile za kulia. Niliichora ile mishale daftarini mara nne ndipo ikanikaa. Video ningeitazama mara kumi bila daftari, ningetoka kapa.

Kwa hiyo pakua kwanza mazoezi na maandishi ya mhadhara, ni mafaili mepesi. Video fungua pale ulipokwama tu. Majibu yanakuwapo mara nyingi. Yafiche hadi umetoka jasho.

Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo mbalimbali, zote za 2012, ni habari nyingine. Nyingi unasoma bure kwa kiasi fulani, cheti unalipia. Coursera ina fomu ya kuomba msaada wa ada, ijaze kwa maneno yako mwenyewe. Ila cheti hicho si shahada, msije mkagombana na maofisa ajira. Anayetaka shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo tangu 1992 na kina kituo hapahapa Tanga. Ada ipo.

Jambo la mwisho, bando tena. Leseni ya masomo ya MIT inaruhusu kunakili na kugawana, mradi umtaje mwenyewe na usiuze. Sisi tulikuwa watatu: mmoja ananunua bando la usiku, anapakua watu wamelala, asubuhi flashi inazunguka. Zamu ya kununua ilikuwa ngumu kuliko aljebra yenyewe.