Kuchi hataki haraka: kwa anayeanza kufuga Unguja na Pemba

Ukitaka kujua kwa nini kuku wa asili aina ya kuchi wanapungua visiwani kwetu, nenda sokoni wiki ya mwisho ya Ramadhani. Majogoo bora, wenye kifua kipana na miguu minene, ndio wanaofungwa miguu na kutiwa matengani, maana ndio wanaoleta pesa ya maana siku hizo. Wanaobaki bandani ni wale ambao mnunuzi amewatazama akawaacha, na hao ndio watakaopanda mitetea mwaka mzima. Mwaka wa pili hali ni ile ile. Ndugu yangu unayeanza, ukichukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: jogoo bora hauzwi mpaka aache watoto, na watoto hao uwaone kwa macho yako wamekua.

Watu wengi wanadhani kuchi ni kuku yeyote mkubwa. Sivyo. Kuchi husimama wima, shingo ndefu, miguu mirefu ya nguvu. Manyoya yake ni machache na yamebana mwili, hata kifuani mara nyingine unaona ngozi nyekundu. Mdomo ni mfupi na umepinda, paji la uso limetokeza juu ya macho, na upanga wake ni mdogo, umelala kichwani, si ule mrefu wenye meno. Utamkuta kwetu, utamkuta Mombasa na Lamu, na bara utamkuta hadi Shinyanga na Mwanza. Watafiti waliopima vinasaba vya kuku wa Tanzania wameona kwamba kuchi ana ukoo wake mbali na kuku wengine wengi wa kienyeji, na kwamba ana undugu na kuku wa Asia. Kwa watu wa visiwa vilivyopokea majahazi kila kaskazi kwa karne nyingi, hilo halishangazi.

Wapo wanaomtafuta kwa ajili ya kupiganisha. Mimi mtu wa namna hiyo simuuzii, na naomba nawe usimuuzie. Mtume amekataza kuwachochea wanyama wapigane, na hilo peke yake linatosha. Hata kwa upande wa ufugaji, anayechagua ukali tu huishia na makoo wanaodonoa na kuua vifaranga vya wenzao, na majogoo usioweza kuwashika bila kujeruhiwa. Chagua kuku mwenye nguvu aliyetulia. Wapo.

Sasa kununua. Siku hizi kuchi wengi wanaouzwa ni chotara, wamechanganywa na Sasso au Kuroiler, kuku wa kisasa wa nyama na mayai. Chotara si kuku mbaya kwa nyama na mayai, lakini ukimwingiza kwenye ukoo wako bila kujua, utahangaika vizazi kadhaa kumtoa. Ukimwona kijana wa miezi minne ameshanenepa na kujaa manyoya, tia shaka. Kuchi wa kweli umri huo ni miguu na shingo tu, anapendeza kwa anayemjua peke yake. Omba uoneshwe wazazi na ndugu zake. Muuzaji asiyetaka ufike bandani kwake, muage kwa heri. Na kuku akishafika, hata kama katoka kwa shemeji yako, mtenge mbali na wako kwa wiki 2 hadi 3. Kuku aliyevuka bahari ndani ya tenga pamoja na kuku wa watu kumi wengine hujui amebeba nini.

Hapa kwenye kuzalisha ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo koo nyingi zinapopotea bila mtu kuona.

Kwanza, mbegu ya jogoo hukaa ndani ya mtetea. Ukimtoa jogoo leo, mtetea ataendelea kutaga mayai yenye mbegu yake kwa wiki 2, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo mtetea uliyemnunua kutoka banda lenye majogoo mchanganyiko, au aliyekuwa akizurura mtaani, usiweke mayai yake kwa ajili ya kuangua mpaka zipite wiki 3 akiwa na jogoo unayemtaka. Mayai ya muda huo kula, au uza. Hakuna njia ya mkato hapo.

Pili, hesabu ya majogoo. Mwenye jogoo 1 na mitetea 10 anajiona ana kuku 11. Kwa upande wa damu, yaani wingi wa vinasaba tofauti, hana. Wataalamu wa uzalishaji wana hesabu nyepesi: zidisha idadi ya majogoo kwa idadi ya mitetea, zidisha tena kwa 4, halafu gawa kwa jumla ya kuku wote. Jogoo 1 na mitetea 10 inakupa 3.6, yaani damu yako inapungua kwa kasi ya banda lenye kuku wasiofika wanne. Ongeza majogoo wawili tu, wawe 3 kwa mitetea wale wale 10, inapanda hadi 9.2. Unaona tofauti inayoletwa na jogoo wawili unaowalisha kwa pumba na chicha! Hawa nao ni kuku wazito, jogoo mmoja kwa mitetea 4 au 5 anatosha, ukimpa zaidi utaona mayai matupu.

Namna ninayoifuata ni ya familia tatu. Kila familia ina kibanda chake na rangi yake: nyekundu, kijani, buluu. Kifaranga akishapata mguu wa kushika kitu, anavishwa pete ya plastiki ya rangi ya mama yake. Akikua, binti anabaki kwenye rangi ya mama, kijana anahamia: wa nyekundu anakwenda kijani, wa kijani anakwenda buluu, wa buluu anakwenda nyekundu. Hivyo kaka hakutani na dada yake. Huna nafasi ya vibanda vitatu? Shirikianeni majirani watatu wa shehia moja, kila mmoja ashike rangi yake, mubadilishane majogoo. Kwetu kuazimana jogoo ni desturi ya zamani, kinachohitajika ni daftari. Andika nani kazaliwa na nani, lini, na kaenda wapi. Ukianza kuona mayai mengi hayana mbegu, vifaranga vinafia ndani ya yai siku za mwisho, au vidole na midomo imepinda, ujue ndugu wamekutana.

Mayai ya kuangua yanaharibiwa na joto kuliko watu wanavyofikiri. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, joto la chumba kilichoezekwa bati linatosha kuianzisha mbegu kukua ovyo, kisha inakufa. Yaweke chumba cha ndani chenye ubaridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, na yasizidi siku 7. Kisha mpe nani ayaatamie? Koo wa kuchi anaatamia vizuri, ila ni mzito na huvunja mayai. Mimi napendelea mtetea mdogo wa kawaida aliyewahi kulea. Mayai 8 au 9 yanamtosha, maana ya kuchi ni makubwa kuliko yake. Siku ya 7 yapime usiku kwa tochi. Yai lenye uhai utaona doa na mishipa myekundu imesambaa. Lisilo na kitu liondoe. Siku ya 21 mtetea asisumbuliwe.

Vifaranga vya kuchi huchelewa kuota manyoya. Hili ni muhimu kwetu sisi wenye masika ya Machi hadi Mei. Kifaranga mwenye mgongo mtupu akinyeshewa jioni, asubuhi humkuti. Panga uanguaji ili wiki zao za mwanzo ziangukie kipindi cha ukavu, na kama umechelewa, wafungie ndani juu ya pumba kavu. Nje kuna kunguru, hawa waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, na anajua saa unayoingia ndani kupika. Wavu juu, siyo pembeni tu, kwa wiki 6 au zaidi.

Chakula sitakiongelea sana, kila mtu ana alichonacho: pumba za mpunga, mahindi yaliyoparazwa, majani ya mlonge, chicha la nazi. Chicha litolewe siku ile ile, likilala linaota ukungu. Lakini dagaa, sikiliza. Dagaa wetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukiwatwanga na kuwapa vifaranga kama walivyo, vitakunywa maji sana, vitaharisha, vitakufa, na utasema ni maradhi. Waroweke kwenye maji baridi, mwaga maji, rudia, anika tena juani ndipo utwange. Shika dagaa mmoja, muonje kwa ulimi wako. Ukisikia chumvi, bado.

Kideri, wengine husema mdondo, hakina dawa. Kina chanjo tu: tone moja kwenye jicho, kila miezi 3, kuku wote siku moja, wagonjwa wasichanjwe. Chupa ikishafunguliwa itumike siku hiyo hiyo. Bora zaidi mzungumze na sheha na afisa mifugo mchanje mtaa mzima, kwa sababu kuku wa jirani hawajui mpaka wa ua wako. Ndui nayo huletwa na mbu, kwa hiyo chanja kabla ya masika, si wakati vipele vimeshajaa usoni.

Banda la makuti ni zuri kwa ubaridi, ila utitiri hujificha humo na kwenye nyufa za boriti. Ingia usiku na tochi, angalia chini ya fito wanazolalia. Ukiona vidudu vyekundu vinatembea, siku inayofuata toa kila kitu, paka kuta chokaa, badilisha fito. Fito zenyewe zisipite nusu mita kutoka chini. Kuchi mzito akiruka kutoka juu kila asubuhi, nyayo huvimba.

Hukumu ya nani abaki na nani aende isitolewe kabla ya mwaka. Ndugu wawili wanaofanana miezi 6, mwaka ukifika mmoja amekuwa jogoo na mwingine amebaki mrefu tu, hana kifua. Wanaokataliwa ni kitoweo kizuri, nyama yao ngumu kidogo, pika taratibu kwa tui.

Na ukishakuwa na ukoo unaoupenda, mpe mtu unayemwamini jogoo mmoja na mitetea wawili wa kila rangi, akae nao mbali nawe. Kama uko Wete, Pemba, wapeleke Makunduchi, Unguja. Kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na wakati huo utahitaji kujua ni nani wa kumpigia simu.