Mnaoanza na ovari za kuku, msitafute nyukleoli kama za chura

Kwanza jamani tuelewane neno. Kwenye hii kazi ile sehemu ya seli inayobeba kromosomu semeni nyukliasi, msiseme kiini, maana kwa yai la kuku kiini ni ile njano, mimi siku za mwanzo nilimwambia mwenzangu "toa kiini" akapasua yote ikamwagika mezani hahaha.

Sasa kosa langu. Niliingia maabara kichwa kimejaa chura. Yule Xenopus, osaiti yake (seli ya yai ambayo haijakomaa) inatoa kopi za jeni za ribosomu, zile mashine za seli za kutengeneza protini, nyingi mno nje ya kromosomu, mpaka nyukliasi moja inakuwa na nyukleoli, yaani vile vibonge ambamo ribosomu zinaanza kuundwa, kama 1,500 hivi. Basi nikachukua kuku anayetaga, nikachambua vifuko vya mayai machanga vya milimita 1 hadi 1.5, nikatoa nyukliasi kwa kibano kwenye bafa ya 5:1 (maji ya chumvi, potasiamu tano kwa sodiamu moja), kromosomu zikatokea safi kabisa, zile za brashi ya taa, vitanzi vimesimama pembeni kama brashi ya kusugulia chimni. Nyukleoli hamna. Nikarudia, hamna. Nikabadilisha bafa, nikalaumu sentrifyuji, wiki 3 zimeenda hivyo.

Kumbe ndivyo alivyo. Kuku mkubwa, osaiti ikifika hatua ya brashi, jeni zake za ribosomu zimenyamaza. Zenyewe zipo kwenye kromosomu ya 16, kadogo kweli kati ya jozi 39, na kopi za ziada kama za chura hana. Ukitaka kuziona zikichapa kazi nenda kwa kuku mdogo ambaye hajaanza kutaga, huko baadhi ya osaiti utazikuta na nyukleoli. Kwa hiyo daftarini usiandike "kuku" tu, andika umri, na yule wa sokoni ambaye muuzaji anakuapia ana miezi minne mimi simtumii tena.

Halafu silva naitreti, ile dawa ya kupaka nyukleoli rangi. Doa jeusi likitokea usishangilie haraka, silva inashika protini, haikwambii kama jeni inasomwa saa hiyo. Na ukihamia kwa njiwa utakuta vitu vya mviringo vimeng'ang'ania kromosomu, vile ni vibonge vya protini vya kwenye sentromia, kile kiuno cha kromosomu, kwa kuku havipo kabisa.

Mimi naamini probu, kile kipande cha DNA chenye alama inayowaka, kinachoshika RNA au DNA inayolingana nacho. Ila usichukue ya 18S au 28S (RNA za ribosomu zenyewe) peke yake, ribosomu zilizokomaa zimejaa kwenye saitoplazimu, itawaka tu kila mahali. Chukua ya vile vipande vya RNA mbichi vinavyokatwa na kutupwa ribosomu ikiundwa, ITS au ETS, hiyo ikiwaka ndani ya nyukliasi ujue RNA mpya inatengenezwa hapo hapo. Usiachanishe nyuzi za DNA kwenye slaidi, ili probu ishike RNA tu, na slaidi ya pili iloweke kwanza kwenye RNase, enzaimu inayokula RNA, ishara ikibaki hata baada ya hapo basi ulichokuwa unakiona sio RNA. Mwenzetu mmoja aliiruka hiyo slaidi ya pili eti anabana matumizi ya enzaimu, akaja kurudia kuku sita.