Injini ya dizeli imekataa kuzimika: dereva afanye nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha canter, napeleka viazi kutoka Molo hadi Kisumu, na kurudi nabeba chochote kitakachopatikana. Juzi nilitoka Kisumu na sukari, nikapanda vizuri hadi Kericho. Niliposimama kunywa chai, gia ikiwa fri, injini ilianza kupanda raundi yenyewe wala sikuwa nimegusa mafuta. Nikazima ufunguo, haikuzimika. Nikauchomoa kabisa, ikazidi kunguruma, na moshi wa samawati ukafunika barabara. Mimi na utingo tuliruka nje. Ilikata yenyewe baadaye. Makanika wa pale anasema ni pampu ya dizeli. Mwenye gari anasema tubadilishe tabo turudi kazini. Nani mkweli, na mimi ningefanya nini?

JIBU: Pole, na afadhali mliruka. Mwenye gari yuko karibu na ukweli kuliko makanika, ila dawa yake ni nusu dawa.

Kwanza huo ufunguo. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi. Ukikata umeme, moto umekwisha. Ya dizeli haihitaji cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mara 16 hadi 20 hivi, ikapata joto la kutosha kuwasha dizeli inayorushwa na nozeli. Ukizima ufunguo unakata dizeli tu. Kama kuna kitu kingine kinachoungua mle ndani, injini haina habari na ufunguo wako. Itapanda raundi mpaka kitu hicho kiishe, ikose hewa, au chuma kivunjike.

Kwako kilichoungua ni oili ya injini yenyewe. Moshi wa samawati ndio ushahidi. Pampu ya dizeli ikikwama ikiwa wazi, nayo inaweza kuikimbiza injini, kwa hiyo makanika wako hakusema upuuzi. Lakini hapo kwa kawaida ungeona moshi mweusi. Tena angalia ilipoanzia: baada ya kupanda mlima, umesimama fri. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, ikasukuma hewa zaidi ndani ya injini. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili inayosukumwa kwa presha. Beringi zikilegea, sili hazishiki tena. Unapopanda, upande wa hewa una presha yake inayoizuia oili. Ukisimama, presha hiyo inashuka ilhali oili bado inaletwa, basi inavuja kuingia kwenye njia ya hewa na kumezwa na silinda. Raundi zikipanda, oili inaletwa kwa nguvu zaidi, na raundi zinapanda tena. Canter ina lita nane hadi kumi hivi za oili, kwa hiyo karamu inaweza kuwa ndefu.

Tabo si mshukiwa pekee. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu hupigwa na krenki, ile shafti kuu ya injini, ikawa povu, ikapita kwenye paipu ya kupumulia injini na kuingia njia ya hewa. Ringi za pistoni zilizokwisha hufanya vivyo hivyo. Hatari ninayoiogopa zaidi ni nozeli inayovuja: dizeli inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili *inaongezeka* badala ya kupungua. Nimewasikia madereva wakijivunia kwamba gari lao halili oili hata kidogo. Ukiona oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia na wewe hujaongeza kitu, kinuse. Kikinuka dizeli, usiwashe gari hilo.

Sasa la kufanya. Njia ni mbili tu: uilemee injini hadi izimike, au uinyime hewa.

Kwa gari la gia za mkono lililosimama, zima ufunguo hata hivyo, maana kama kosa ni la pampu huenda ikatosha. Kanyaga breki hadi mwisho, vuta handbreki, kanyaga klachi, ingiza gia ya juu kabisa, kisha achia klachi kwa ghafla. Isiwe gia ya kwanza, kwani hiyo ina nguvu ya kulisukuma gari mbele, na pale Kericho mbele yako kulikuwa na watu. Klachi iliyochoka itateleza na kunuka bila kuzima chochote. Ikiteleza, usirudie mara tatu. Kumbuka kwamba kwenye canter injini iko chini ya kiti chako. Jaribu mara moja, kisha toka. Na gari la otomatiki halizimiki kwa njia hii; huko nenda moja kwa moja kwenye hewa.

Kunyima hewa ni kuziba mdomo inapoingilia, kabla ya tabo. Tumia kitu kigumu na kipana kuliko tundu: ubao, kipande cha plaiwudi, bati nene. Usitumie kiganja, mvuto wake unaweza kukuumiza vibaya. Usitumie kitambaa chepesi wala gunia, vitamezwa. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi ukipulizwa kwenye mdomo huo hufanya kazi nzuri sana. Ule wa unga unaouona kwenye matatu nyingi si wa kutegemewa kwa kazi hii. Kumwaga maji mle ndani ni kuvunja konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, kwa mkono wako mwenyewe. Kuchomoa waya wa betri ni kupoteza muda.

Kama huna ubao, au mdomo wa hewa uko mahali ambapo lazima uinamie injini inayopiga mayowe, liache gari. Waondoe watu, hasa wale walio ubavuni, kwa sababu konrodi na vipande vya klachi hutokea ubavu. Injini hununuliwa.

Ikikutokea ukiwa mwendoni, mambo yanageuka kidogo. Gari likiwa kwenye gia, uzito wake unaizuia injini isipande sana, kwa hiyo ukiweza, kaa gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu mara moja na ushikilie hadi injini ife. Usipige-pige breki, utazichemsha bure. Lakini kama unateremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa na breki tayari zina joto, au ukiona breki zinashindwa, kanyaga klachi uitenganishe injini na magurudumu, ulisimamishe gari. Injini itajiharibu, sawa. Ufunguo usiuchomoe kamwe gari likitembea, usukani unaweza kujifunga.

Kuna chanzo kingine ambacho hakihusu ubovu wa gari lako. Mvuke wa petroli au gesi ukiingia kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli huula kama chakula. Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mvuke ulimwagika na kutambaa chini. Wachunguzi waliona kwamba huenda moto uliwashwa na pikapu ya dizeli iliyokuwa imeachwa ikinguruma karibu. Watu 15 walikufa. Sisi tunaotumia barabara hii tunakumbuka Sachang'wan, Januari 2009, petroli ya lori lililopinduka iliposhika moto na kuua zaidi ya watu 100. Ukiona tanki limelala mbele yako, simama mbali na uzime injini ingali inakusikiliza. Ukisubiri hadi raundi zianze kupanda zenyewe, umechelewa.

Turudi kwenye gari lako. Ukifunga tabo mpya na kuwasha, kuna uwezekano mkubwa yajirudie, kwa sababu oili iliyovuja imelala kwenye mipira na ndani ya intakula, ile rejeta ndogo ya hewa. Ifunguliwe, imwagwe, ioshwe, ikauke kabisa. Halafu mtafute kilichoua tabo ya kwanza. Mimi huanza na paipu ya kurudisha oili kwenye sampu: oili hushuka humo kwa uzito wake tu, na mara nyingi nakuta imezibwa na gundi ya gasketi iliyopakwa kwa ukarimu na fundi aliyetangulia. Kisha eya klina. Vumbi la njia za mashambani, Kuresoi hadi Olenguruone, huiziba upesi, na ikiziba, tabo hunyonya oili kupitia sili zake. Tatu ni mazoea yako: ukifika juu ya mlima na mzigo, iache injini ingurume taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuzima, la sivyo oili inaungulia kwenye beringi.

Kabla ya yote hayo, mwambie mwenye gari apime kompresheni na kufungua sampu atazame beringi za konrodi. Injini iliyokimbia hivyo inaweza kuwaka na kusikika nzima, kisha ikatoboa bloku njiani. Ni gharama, najua, na atanung'unika.

Siku ya kuwasha, utingo asimame na ubao kando ya mdomo wa hewa. Na baada ya safari ya kwanza, ukishashusha viazi Kisumu, legeza mpira unaotoka kwenye tabo uingize kidole. Unyevu kidogo si neno. Ukikuta oili imetuama, litengenezwe hapo hapo Kisumu. Usipande nalo Kericho.