Kwa anayekaa mezani mara ya kwanza: levo si cheo

Kila Jumamosi jioni tunapokutana hapa Kansanga, Kampala, kucheza Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu, mgeni akishachagua mhusika wake huuliza lile lile: "Nianze levo ya ngapi?" Ukimtazama usoni unaona anataka namba kubwa. Simlaumu. Nami nilipoanza nilidhani levo ni kama nyota za begani kwa afande.

Nenda kwanza ilikotoka. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka mwaka 1974, ikiwa imezaliwa na michezo ya vita ya sanamu za askari. Katika michezo hiyo shujaa alihesabiwa kupigana kama watu 4, na shujaa mkuu kama watu 8. Ndiyo maana katika D&D ya mwanzo mpiganaji wa levo ya 4 aliitwa Hero, na wa levo ya 8 Superhero. Levo ilikuwa jibu la swali moja: wewe peke yako unasimama badala ya watu wangapi? Mimi hadi leo namweleza mgeni hivyo, na anaelewa upesi kuliko nikimfungulia kitabu.

Sisi tunacheza toleo la tano, la mwaka 2014, lenye levo 1 hadi 20. Wengi hudhani mhusika wa levo ya juu hakosi shabaha. Angalia hesabu: nyongeza ya ustadi, ile unayojumlisha kwenye dadu unapojaribu kupiga, ni +2 kwenye levo ya 1, na +6 kuanzia levo ya 17. Tofauti ni 4 tu. Kwenye dadu ya pande 20 kila pointi ni asilimia 5, kwa hiyo safari yote hiyo imekuongezea asilimia 20, ukiacha nguvu za mwili na silaha. Kinachopanda kwelikweli ni pointi za uhai. Goblini, adui mdogo tu, bado anaweza kumchoma mtu wa levo ya 10, ila huyo atachomwa mara nyingi kabla hajapiga magoti.

Hilo nililijifunza kwa aibu, siku yangu ya kwanza kuwa msimulizi, yaani anayeendesha mchezo na kuwachezea maadui. Nilikuwa na wachezaji watatu, wote levo ya 1, nikawatolea zimwi lenye rungu kwa sababu picha yake ilinipendeza. Kitabuni limeandikwa ugumu wa 2, nami nikasoma kama "levo ya 2", nikaona si mbali. Kumbe namba ile imepimwa kwa kundi la wahusika wanne wa levo ya 2. Dada mmoja kutoka Arua alikuwa na mchawi mwenye pointi 7 za uhai. Zimwi likampiga, nikarusha dadu mbili za pande 8: 6 na 5. Ongeza 4, jumla 15. Zile 7 zikaisha, zikabaki 8 za ziada, na kwa sheria ziada ikifikia uhai wako wote umekufa papo hapo, hakuna cha kurushiana dadu za kujiokoa. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchora kofia ya mhusika wake. Akaniambia, mkononi ana rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, "Kaka, hata rolex yangu sijamaliza."

(Usije ukasema "mchawi wangu amekufa" kwa simu ukiwa ndani ya teksi. Nimeshajaribu. Walinipisha kiti kizima.)

Mtego mwingine ni neno lenyewe. Mhusika ana levo, uchawi una levo, hata sakafu za handaki zina levo. Gygax mwenyewe aliliona tatizo hilo, akaeleza katika kitabu cha wachezaji cha 1978 kwamba waliwahi kufikiria kutumia maneno tofauti, kisha wakaacha. Mezani kwetu tumelimaliza: mhusika ana levo, uchawi una daraja. Mchawi hapati uchawi wa daraja la 3 hadi afike levo ya 5, na la 9 hadi levo ya 17. Levo hiyo ya 5 ndiyo ya kungojea. Hapo mchawi anapata mpira wa moto, dadu 8 za pande 6 kwa kila aliyeuingia, na mpiganaji anaanza kupiga mara mbili kwa zamu moja. Kuanzia siku hiyo lile zimwi langu ni mazoezi tu.

Ukitukuta tayari tuko levo ya 7, tutakupa levo ya 7 pia, hatuachani nyuma. Ila njoo saa 9 badala ya saa 10, tukae wawili tusome karatasi yako mstari kwa mstari, maana wenzako walipata uwezo mmoja mmoja kwa miezi na wewe unaupokea wote kwa mkupuo. Na uje na penseli. Wino na mafuta ya chapati havipatani.