Impela mpya, injini bado inachemka

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina injini ya boti ya nguvu farasi 40, tu-stroki (ile ya kuchanganya oili na petroli), nabeba nayo watu na mizigo Katosi kwenda kisiwa cha Koome, Ziwa Victoria. Siku hizi inachemka sana, kale kamaji kanakorukia nyuma kamekuwa kembamba kama uzi, na tukiwa tumejaza mzigo nikivuta moto inazima yenyewe. Fundi wa hapa mwaloni ameweka impela mpya, kile kigurudumu cha raba kinachosukuma maji ya kupoza, lakini wapi, sasa anasema tutoe thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, tuitupe kabisa. Nimkubalie? – Msomaji, Katosi

JIBU: Ndugu yangu, usimkubalie. Kwenye injini nyingi thamostati ikikwama injini inachemka ndiyo, lakini maji ya nje yanaendelea kuruka vizuri tu, na ya kwako yamepungua, kwa hiyo ugonjwa tuutafute chini kwanza. Na ukiitupa, injini haipati joto lake, plagi zinalowa na kujaa masizi, baadaye unaanza kulaumu petroli.

Anza na cha bure. Chukua kipande cha nailoni nene ya kuvulia, kichomeke kwenye kile kitundu maji yanakotokea, maana tope linaziba pale na wadudu nao wanajenga humo. Halafu angalia matundu ya kunyonyea maji kwenye mguu wa injini, gugumaji na kavera (mifuko ya plastiki) vinajibandika pale hata huvioni mpaka uinue mguu.

Kama huko ni safi, muulize fundi wako hivi: ile impela ya zamani ilitoka na mabawa yake yote? Kama yalikuwa yamekatika, vipande viko wapi? Mafundi wengi wanatupa ya zamani hata hawaihesabu mabawa, kumbe vile vipande vya raba vimesukumwa na maji vikapanda na bomba, vimekaa kwenye njia nyembamba za kichwa cha injini, na hapo hata uweke impela kumi ni bure, lazima kichwa kifunguliwe visafishwe.

Kabla hujafika huko lakini mwambie ashushe mguu tena. Wakati wa kuurudisha, bomba la maji linatakiwa liingie sawasawa kwenye raba yake juu ya pampu, likikosea kidogo tu maji yanamwagikia ndani ya mguu badala ya kupanda juu, na kosa hili linatokea sana baada ya kubadilisha impela. Akiwa hapo apitishe ukucha ndani ya kikombe cha pampu na kwenye bati lake la chini, ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo basi na hivyo vinabadilishwa, impela mpya haivuti vizuri ndani ya kikombe kilicholiwa. Mchanga ndio unaokula, na sisi tunaupenda wenyewe, mtu anaingia mwaloni injini inanguruma mpaka propela inachimba chini!

Mkimaliza jaribuni kwenye pipa, propela ikiwa imetolewa na maji yamepita juu ya pampu. Msiwashe kavu hata mara moja "kusikiliza tu", ile raba inalainishwa na maji yenyewe, ikikosa inaungua haraka sana.

Kuhusu oili, kama kitabu cha injini yako kinasema 50 kwa 1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, jerikani ya petroli ya lita 20 inataka oili mililita 400, usipunje. Injini ikichemka ukiwa ziwani, izime, tia nanga, acha ipoe yenyewe, usiimwagie maji ya ziwa, chuma cha moto kinapasuka.

Thamostati tutaipima mwisho: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, ikifunguka mapema, maji yakiwa moto lakini bado mbali na kuchemka, ni nzima, irudishe. Na kama itabidi kichwa kifunguliwe, nunua gasketi mpya ya kuzibia kichwa kabla hajagusa hata boliti moja, ile ya zamani hairudishwi.