Mafuta ya kopo, mafuta ya dumu, na pistoni niliyoiua Buhindi

Wiki iliyopita nilipita Buchosa kuwasalimia vijana wanaoangusha miti ya misindano msitu wa Buhindi. Nikamkuta dogo mmoja amepiga magoti mbele ya chenso, msumeno wa injini, mkono mmoja ameshika kopo jipya la lita moja la mafuta yaliyochanganywa kiwandani, mkono wa pili kichupa cha oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili inayochanganywa na petroli. Anamimina oili ndani ya kopo. Ubavuni mwa kopo pameandikwa 50:1, yaani petroli sehemu hamsini kwa oili sehemu moja, kwa tarakimu kubwa kuliko kidole chake gumba. Nikamuuliza unafanya nini, akanijibu kwa heshima kabisa: "Naongeza kidogo kaka, mashine isikauke."

Kopo lile bosi wake alilinunua kwa fedha inayotosha lita nne za petroli ya kituoni. Oili ilishakuwemo ndani tangu kiwandani. Alichokuwa anatengeneza yule kijana ni moshi, plagi nyeusi na sailensa ya kuziba.

Sikumgombeza, maana kosa lile nalifahamu pamoja na ndugu zake wote, na baadhi yao nimeyalipia mwenyewe. Wadogo zangu, mnajua kunoa cheni, mnajua kukata mdomo, ule mkato wa mbele, na kuacha bawaba, ule ukanda usiokatwa unaouongoza mti kuanguka. Mafuta ndiyo hamtaki kuyasoma. Haya niliyoandika ni ya mafuta tu.

1. Piga hesabu ya siku nzima, usiishie kwenye bei ya lita.

Tuchukue mashine ya saizi ya MS 381, yenye injini ya sentimita za ujazo 72. Siku ya kuangusha na kukata magogo inakunywa lita tano hivi. Petroli tuiweke shilingi 3,000, ijapokuwa EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi inapanda au kushuka. Lita tano ni 15,000. Oili ya 50:1 kwa lita tano ni mililita 100, na ukinunua lita ya oili nzuri kwa 15,000, hapo umetumia 1,500. Siku yako ni 16,500.

Sasa kopo. Tufanye limekufikia mkononi kwa 12,000 kwa lita, maana hapa Mwanza hulikuti kila duka. Lita tano ni 60,000. Tofauti ni 43,500 kwa siku, na kwa siku ishirini za kazi ni 870,000. Mtu asikudanganye kwamba mafuta ya kopo yanajilipa kwa kuokoa pistoni. Kwa fedha hiyo unabadilisha seti ya pistoni na silinda kila mwezi na chenji inabaki. Mkataji wa kila siku anayejaza petroli mbichi kituoni, anayechanganya kwa kipimo na kumaliza dumu ndani ya wiki, hana sababu ya kifedha ya kuhamia kwenye kopo. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayeyapenda mafuta ya kopo.

2. Hesabu ya kifua chako ni nyingine kabisa.

Injini ya 2T ya kizamani hutema kati ya robo na theluthi ya mafuta yake yakiwa hayajaungua. Wakati mafuta mapya yanaingia kwenye silinda, tundu la kutolea moshi bado liko wazi, basi mengine yanapitiliza moja kwa moja. Katika lita zako tano, zaidi ya lita moja inatoka mbichi kwenye sailensa. Na sailensa iko wapi? Mbele ya kifua chako, hasa ukiinama kukata kisiki chini, siku ambayo upepo wa ziwa umelala na msitu umetulia kama chumba.

Petroli ya kituoni ina benzini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka benzini kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na inayotajwa sana ni saratani ya damu. Ulaya wameweka kikomo cha 1% kwa petroli ya magari. Mafuta ya kopo yaliyo mengi hutengenezwa kwa alkaileti, petroli iliyoundwa upya kutokana na gesi za kiwanda cha kusafishia mafuta, na benzini yake haizidi 0.1%. Wasweden waliyaanza miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wa msituni kama sisi, waliokuwa wanarudi jioni kichwa kinapasuka na macho yanachoma.

Kile kichwa cha jioni wengi mnadhani ni jua, mnameza panadoli mnalala. Nimekata siku tatu mfululizo kwa mafuta ya kopo, na jioni ya siku ya tatu nilikula ugali wangu na sangara bila kichefuchefu. Nilikuwa nimeshazoea kichefuchefu kile nikidhani ndiyo kazi yenyewe.

Lakini msizidishe. Kaboni monoksaidi bado inatoka. Ukiiwasha chenso ndani ya stoo iliyofungwa, mafuta ya kopo yatakuua sawasawa na ya dumu.

3. Mafuta ya mwaloni kwa wavuvi ni ya mtumbwi.

Hapa ndipo nilipolia. Ilikuwa huko huko Buhindi, miaka kabla ya daraja la Kigongo–Busisi. Daraja limefunguliwa mwaka 2025, nyie mnapita dakika chache, sisi tulikuwa tunalala foleni ya kivuko. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kazi. Mzee aliyenifundisha alikuwa na chenso mpya kabisa, haijamaliza hata miezi miwili, na alikuwa amenunua kwa fedha ya mahari ya binti yake. Akapata msiba Magu. Akaniachia mashine, dumu la lita kumi lililokwisha kuchanganywa, na kazi ya siku tatu. Lori la magogo lilikuwa linakuja Jumatatu.

Dumu nililifunga vibaya. Nyuma ya pikapu, barabara ile ya makorongo, kifuniko kikalegea, na tulipofika lilikuwa limebaki chini ya nusu. Kufika Jumapili asubuhi mafuta yameisha. Kituo cha mafuta kilikuwa mbali, bodaboda kwenda na kurudi elfu kumi na mbili, na mfukoni nilikuwa na elfu kumi na tano. Mwalo ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu.

Nikateremka mwaloni. Nikamkuta mvuvi anapakia nyavu, ana kidumu cha mafuta ya injini yake. Naye aliniambia ukweli, Mungu ambariki: "Hii nimechanganya ya injini ya mtumbwi, bwana, na oili nimebana." Nikamjibu mafuta ni mafuta. Nikanunua lita tatu.

Nilichokuwa sijui ndicho kila mmoja wenu aliyekulia kandokando ya ziwa hajui. Injini ya mtumbwi inapozwa na maji ya ziwa lenyewe, hivyo oili yake, ile yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini isiyochemka sana. Chenso inapozwa na upepo wa feni peke yake. Inapata moto mkali zaidi na inazunguka kwa kasi kubwa zaidi. Oili ya mtumbwi kwenye joto lile haishiki ukuta wa silinda na inagandisha ringi. Ongeza hapo kwamba mvuvi alikuwa amebana oili kwa ajili ya gharama, akakisia kwa kifuniko cha chupa. Nilikuwa natia ndani ya mashine mpya mafuta yenye oili isiyo yake, tena pungufu.

Tangi la kwanza lilikwenda vizuri. Vizuri mno. Mashine ililia juu kuliko kawaida, sauti nyembamba ya kupiga mluzi, na nikiachia mafuta inachelewa kushuka. Nilifurahi. Nilimwambia mwenzangu mashine imepata nguvu.

Tangi la pili, mti wa nne. Msindano mnene, umeinama kidogo upande wa ziwa. Nimeshakata mdomo, naingia kwa nyuma, nimefika zaidi ya nusu. Sauti ikapanda, ikapanda tena, ikazama ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Kimya. Nikavuta kamba ya kuwashia, haikutoka hata inchi moja. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu juu ya mpini. Imekaza kama imefungwa kwenye kisiki.

Mti umesimama kwa bawaba, mashine imenasa ndani yake, na upepo wa mchana kutoka ziwani ndiyo kwanza unaanza. Mwenzangu alikimbia kijijini kutafuta shoka na msumeno wa watu wawili. Mimi nikabaki. Baada ya muda nikasikia watoto wanaimba, wanakuja kuokota kuni kwenye njia ile ile mti ulikokuwa unaelekea. Nikakimbia nikiwapungia mikono, nikipiga kelele, sauti imekauka. Walikuwa watatu, mkubwa hajafika miaka kumi. Niliwarudisha mbali, nikakaa katikati ya njia karibu saa mbili, nikitazama ncha ya mti ikicheza na upepo, nikisikia nyuzi za bawaba zikilia moja moja. Kila ukilia nasimama. Mpaka leo mti ukilia hivyo msituni, mwili wangu unasimama kabla akili haijajua.

Tuliuangusha jioni kwa shoka. Haukumdhuru mtu.

Mjini, fundi alifungua sailensa, akaelekeza tochi kwenye tundu, akaniita nitazame. Upande wa sailensa pistoni ilikuwa na michirizi ya wima toka juu hadi chini, kama mtu ameipitishia uma. Ringi imezama kwenye mfereji wake, haisogei kwa kucha. Upande wa kabureta bado iling'aa mpya. Seti nzima na ufundi ikafika 280,000, na nilikatwa kwa miezi mitatu.

Mzee aliporudi kutoka msibani hakunifokea. Aliishika ile pistoni muda mrefu, akauliza: "Ulisikia ilipolia juu?" Nikasema nilisikia, shikamoo yangu yenyewe nimesahau kuitoa. Akasema, "Basi ilikwambia." Akaniuliza na watoto walikuwa wa nani, nikamwambia. Jioni ile alikwenda kwa wazazi wao mwenyewe kuomba radhi, nami nyuma yake.

4. Chenso ikilia juu ghafla, zima hapo hapo. Usimalizie mkato.

5. Kopo ninalonunua mimi.

Kopo moja la lita moja, halijafunguliwa, linakaa kwenye mfuko wangu wa msituni siku zote. Ndiyo akiba yangu. Siku ile ya Buhindi kopo moja la 12,000 lingenimalizia kazi salama, au lingenipa muda wa kutafuta petroli ya kweli. Likiwa limefungwa hukaa miaka bila kuharibika. Petroli ya kuchanganya mwenyewe, kwa joto letu hili, ikipita mwezi mimi siitii tena kwenye mashine.

Kopo la pili ni la kulaza mashine. Ukijua chenso itakaa miezi, mfano masika ukisubiri kibali cha kuvuna, mwaga mafuta ya dumu, tia ya kopo kidogo, iache iungurume dakika chache, ndipo uihifadhi. Kabureta haitagandiwa na utando.

La tatu ni la kazi za karibu na nyumba: kupogoa miembe kwenye uwanja wa shule, kukata mti juu ya ngazi ambapo huwezi kuukwepa moshi wako. Hapo mwambie mteja wazi, uiweke kwenye bei.

Na kama mashine ni ya zamani, imekunywa petroli ya kawaida miaka yote, usiihamishe kwenye kopo bila kukagua mipira ya kupitishia na kuzuia mafuta. Mipira iliyovimba kwa petroli ya kituoni huweza kusinyaa ikikutana na alkaileti, mafuta yakaanza kuvuja au hewa ikaingia. Mafuta haya pia ni mepesi kidogo, hivyo fundi aguse skrubu ya H ya kabureta, inayopima mafuta ya mwendo wa kasi, kama mashine inalia juu.

6. Oili ya chenso iwe na alama ya ubora ya JASO FD au zaidi. Vitabu vya STIHL vya zamani vinasema 50:1 kwa oili yao na 25:1 kwa oili nyingine za 2T, kwa hiyo someni kitabu cha mashine yenu, msimsikilize muuza duka.

7. Petroli nunua kituoni, usinunue ya chupa barabarani. EWURA walianza kutia vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa mafuta ya taa. Chupa ya barabarani haina wa kuikagua.

8. Usinyonye petroli kwa mpira. Tafadhali. Tone likishuka mapafuni ni hospitali, na aliyemeza asilazimishwe kutapika.

9. Nunua bomba la sindano la mifugo la mililita 50. Maduka ya dawa za ng'ombe huwa nayo. Kwa 50:1, lita tano za petroli, mabomba mawili ya oili, basi. Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Andika kwenye dumu kwa rangi: CHENSO, uwiano, tarehe.

Yule dogo wa Buhindi nilimwachia bomba langu. Aliniuliza kama kopo la bosi wake limeshakufa. Tukapima kichupa chake: kilikuwa kimepungua kama mililita 20. Kopo la lita moja la 50:1 lina oili mililita 20 hivi, naye ameongeza nyingine kama hizo, kwa hiyo alikuwa na 25:1. Tukamimina yote kwenye kidumu kisafi, tukaongeza lita moja ya petroli mbichi isiyo na oili. Ikarudi 50:1. Si mafuta ya kopo tena, benzini imeingia, lakini mashine itayanywa bila kulalamika. Akaandika mwenyewe ubavuni kwa makaa, akaweka tarehe, akavuta kamba. Niliisikiliza hadi nilipofika barabarani. Ililia sauti yake ya kawaida.